Wahudumu wa msimu hawagusi meza isiyo yao

SWALI: Nasimamia mgahawa wa hoteli huko Diani. Wahudumu wa kudumu wakimwona mwenzao ameelemewa, humsaidia bila kuambiwa. Wa msimu wakimaliza meza zao husimama kando. Nimewapa bonasi, wapi! Ni uvivu, au kuna jambo sijaliona?

JIBU: Meneja, uvivu tuuweke kando kwanza. Kumpokea mwenzako sinia bila kutumwa hakumo katika orodha ya kazi ya mtu. Msomi wa tabia za watu kazini, Dennis Organ, alikieleza kitu hicho mwaka 1988: mchango wa hiari ambao mfumo wa malipo hauutambui moja kwa moja, ila taasisi hunufaika nao. Ukiutia bei, unageuka kazi nyingine, na mtu ataanza kupima kama malipo yanatosha.

Anayeutoa kwa kawaida ni yule anayejiona mtu wa ndani. Watafiti Christina Stamper na Suzanne Masterson waliandika mwaka 2002 kwamba kuwa wa ndani kwenye karatasi ni kimoja, kujiona wa ndani ni kingine, na hicho cha pili hukua mtu anapoona kazini wanamjali.

Sasa tazama hapo kwenu. Nani hupata ratiba ya zamu mapema, na nani hupigiwa simu asubuhi? Wa msimu wamo kwenye kundi la WhatsApp? Wana kabati la nguo? Chakula chao ni kile kile? Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyinyi jembe mlilitoa siku ya kwanza; uenyeji bado.

Mimi ningeanza na madaraka, si hotuba. Utafiti wa Chen na Aryee uliofanywa China na kuchapishwa 2007 ulionyesha kuwa wafanyakazi wanaokabidhiwa maamuzi na wakubwa wao hujiona zaidi kuwa watu wa ndani. Basi mruhusu mhudumu wa msimu ambadilishie mgeni sahani iliyolalamikiwa bila kukusubiri wewe. Zungumza pia na wa kudumu, maana lango wanalishika wao: "hao wa msimu" ikisemwa jikoni kila siku, bidii yako yote inamwagika.

Ila usiwaambie "sisi ni familia" huku ovataimu yao haijalipwa. Watakushtukia mara moja. Na tarehe ya mwisho wa mkataba, pamoja na utaratibu wa nani ataitwa tena Desemba, waambie sasa, kabla hawajazisikia kwa mlinzi wa geti.