Mapendekezo kumi kwenye karatasi moja: nikiruka baadhi, kura yangu inaharibika?

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, sasa ni raia wa Marekani na naishi California. Kwetu mwaka 2010 tuliulizwa swali moja tu: katiba mpya, ndiyo au hapana? Huku mwaka 2024 nilikuta mapendekezo kumi ya jimbo zima, kila moja la kupigiwa kura ya ndiyo au hapana. Nikiruka nisiyoyaelewa, kura yangu inaharibika? Na mawili yanayopingana yakipita yote?

JIBU: Haiharibiki, dada yangu. Kila pendekezo lina hesabu yake, na linapita likipata zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa juu yake lenyewe. Ukiliacha wazi, huhesabiwi upande wowote.

Yakipingana, katiba ya California inasema lililopata kura nyingi zaidi za ndiyo ndilo linalotawala. Jambo hili liliwahi kutokea. Juni 1988 wananchi walipitisha Pendekezo la 68 na la 73, yote mawili kuhusu fedha za kampeni. La 73 lilikuwa na kura nyingi zaidi, na mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamua kwamba la 68 halitumiki kabisa, hata vile vifungu vyake ambavyo havikugongana na vya mwenzake.

Hukuuliza hili, lakini ndilo lililokuwa likiniumiza zaidi katika chaguzi zilizopita: watu kupiga kura kinyume cha nia yao. Wananchi wanapokusanya saini kupinga sheria iliyokwisha kupitishwa na bunge la jimbo, swali huwa juu ya sheria yenyewe. Hadi utaratibu ulipobadilishwa mwaka 2023, ndiyo iliiacha iishi, hapana iliiua; sasa karatasi inauliza kama sheria ibaki au ifutwe. Mwaka 2020 wafanyabiashara wa dhamana, yaani wanaowadhamini washtakiwa kwa malipo, walipinga sheria ya kufuta dhamana ya fedha mahakamani. Ndio waliolileta Pendekezo la 25, lakini walikuwa wakiomba hapana. Hapana ikashinda, sheria ikafa. Aliyedhani kwamba ndiyo ni kuwaunga mkono waliokusanya saini, alijipinga mwenyewe.

Kwa hiyo fungua kile kijitabu cha mwongozo kinacholetwa kwa posta kabla ya uchaguzi. Kila pendekezo lina maelezo mafupi ya maana ya kura ya ndiyo na ya hapana. Soma hayo kabla ya hoja za wapinzani na waungaji mkono. Andika majibu yako nyumbani, uende na karatasi hiyo kituoni. Inaruhusiwa.