Sauti inarudi mkutanoni? Anzia kwenye mikisa yako, meza ya kuchanganyia sauti

Wiki hii kijana mmoja wa Manyoni, anayeanza kazi ya fundi mitambo ya sauti, ameniandikia: "Kaka, nikiunganisha ukumbi na watu wa mtandaoni, walioko Dar wanalalamika wanajisikia wenyewe. Nimebadilisha maiki, nimebadilisha waya, wapi." Namjibu hapa hapa, maana najua wengi wenu mnataka kufika kwenye mikutano mikubwa ya Dodoma, na mwangwi ndio unaowatoa jasho.

Mimi mwangwi huo umeshaniumiza. Ulikuwa ukumbi wa vigae chini, vioo pande mbili, pazia hakuna hata moja. Jana yake niliomba mapazia mazito na zulia, nikaambiwa bajeti imefungwa. Asubuhi wajumbe wakafungua laptopu zao, kila mmoja akajiunga na mkutano ule ule, spika wazi. Mgeni rasmi akaanza kuongea kutoka Dar, kila neno linamrudia. Mwandaaji akasimama mbele za watu akasema, "Tumeletewa fundi wa harusi." Salio langu sijalipwa mpaka leo. Harusi nimepiga nyingi na ninajivunia, ila kauli ile bado inaniuma, kwa sababu nilitoa tahadhari mapema.

Sasa sikia, mdogo wangu. Mtu wa Dar akijisikia, tatizo liko kwako. Sauti yake inatoka kwenye spika zako, inaingia kwenye maiki zako, inamrudia. Programu ya mkutano ina chujio linalojifunza njia ya sauti kutoka spika hadi maiki, likatengeneza nakala ya mwangwi na kuutoa. Lakini sauti hewani inakwenda kama mita 343 kwa sekunde. Spika ikiwa mita 10 kutoka kwenye maiki, tayari imechelewa karibu milisekunde 29, na bado haijagonga vioo na kurudi. Ukumbi usio na mapazia wala zulia unalichosha chujio.

Ukitumia stereo, yaani sauti ya njia mbili, kushoto na kulia, ndiyo unaharibu kabisa. Mwaka 1995 watafiti Sondhi, Morgan na Hall walilieleza vizuri: kushoto na kulia zikibeba sauti ya mtu mmoja zinafanana mno, chujio haliwezi kujua njia ya spika ipi ni ipi. Linapata jibu linalofaa kwa msemaji yule tu, pale alipokaa. Akidakia mwenzake wa kiti cha pili huko Dar, mwangwi unaibuka upya, na ukumbini kwako hakuna kilichosogea! Kwa hiyo weka mono, yaani sauti ya njia moja kwa spika zote. Watu wanakuja kusikia hoja, hawakuja kwenye tamasha.

Halafu angalia aksi, ile njia ya pembeni ya kutoa sauti kwenye mikisa, kila chaneli ina kitufe chake. Sauti ya kupeleka mtandaoni itoe kwenye aksi yake, humo ziingie maiki za ukumbini peke yake. Chaneli inayoleta sauti kutoka kwenye laptopu, kitufe chake cha aksi kiwe sifuri kabisa. Kikipanda kidogo tu, unamrudishia mgeni sauti yake kwa waya, hata kama spika zote zimezimwa. Mafundi wengi hawakigusi kitufe hiki, wanakimbilia kununua maiki ya bei.

Majuzi nimefanya mkutano wenye watu wa Mwanza na Arusha kwa mpangilio huu. Maiki karibu na mdomo, asiyeongea amezimiwa, spika zimegeukia wajumbe, mapazia nimekodi mwenyewe. Saa nzima hakuna aliyelalamika. Vijana, acheni kuogopa wenye tai: kataeni kuwasha mitambo mpaka ukumbi umeandaliwa, na semeni hivyo kwa maandishi.

Ukishaweka mono, ukafunga kitufe cha aksi cha chaneli ya laptopu, na bado sauti inarudi, pita meza kwa meza. Kuna mjumbe ameacha spika na maiki ya laptopu yake wazi. Mwombe azime vyote viwili kabla mgeni rasmi hajaunganishwa.