Kulala Hotel del Coronado au kuitembelea tu?

Ndugu, umeuliza kama inafaa kulipia usiku mmoja katika Hotel del Coronado, karibu na jiji la San Diego, California, kwa sababu ndiko ilikopigwa filamu ya Some Like It Hot. Ikiwa filamu ndiyo sababu pekee, nakushauri usilipie chumba.

Billy Wilder, mwongozaji wa filamu hiyo, alipiga picha za nje hotelini hapo mwaka 1958, akiigeuza kuwa hoteli ya Florida, ilhali vyumba tunavyoviona katika filamu vilijengwa studioni Hollywood. Kwa hiyo hata ukilala huko, chumba cha Marilyn Monroe, nyota wa filamu hiyo, hutakipata. Unachokitafuta kiko nje, na ufukwe huo ni wa umma. Shuka mchangani, tembea hadi karibu na maji, kisha geuka uitazame hoteli: kuta nyeupe za mbao, roshani ndefu, na mnara wa duara wenye paa jekundu, ambalo pengine litakushangaza kwa kuwa filamu yenyewe ni ya nyeusi na nyeupe. Rangi iliachwa kwa sababu vipodozi vya Tony Curtis na Jack Lemmon, walioigiza wakiwa wamevaa mavazi ya kike, vilionekana vya kijani kwenye picha za majaribio.

Hata hivyo, nakusihi uingie ukumbini na kulitazama kwa utulivu jengo lenyewe, maana jumba la mbao la ukubwa huo, lililofunguliwa mwaka 1888 na bado linapokea wageni, kwangu lina thamani kuliko filamu yoyote. Fedha ya chumba itumie kwa chakula cha mchana mahali panapotazama bahari.