Shati la kufua usiku, asubuhi unavaa bila pasi

Dada unayetaka shati la kazini la kufua usiku uvae asubuhi bila pasi, chukua mchanganyiko wa polista na pamba, lebo ya shingoni ikisema polista 65 pamba 35 ndo lenyewe, maana polista hainywi maji kama pamba. Ila usikamue jamani! Ukikamua mikunjo inabaki, we litoe kwenye beseni likichuruzika hivohivo, tundika kwenye henga penye upepo, kola na sehemu ya vifungo nyoosha kwa mkono, basi. Polista tupu kwa joto la Tanga hapa utaloa jasho mpaka ukome, na rayoni achana nayo, laini kweli ila inajikunja balaa.