Rejea iliyogoma kuamka

Nilipoteza karibu wiki mbili nikiitesa regyuleta isiyo na kosa, yaani saketi ya ndani ya chipu inayoshikilia volteji isibadilike. Ilitakiwa ipokee 1.8 V na kutoa 1.5 V. Niliichora kwa programu ya Xschem na kuijaribu kwenye kompyuta kwa ngspice, nikitumia mafaili ya SKY130, teknolojia ya kutengeneza chipu, yanayopatikana bure. Asubuhi inatoa 1.5 V safi. Jioni nikibadilisha kasi ya umeme kupanda, sifuri. Nikapanua transista ya kupitisha mkondo, nikabadili amplifaya, nikaongeza kapasita. Wapi!

Siku niliyopima volteji rejea peke yake, ile ambayo regyuleta huitumia kama kipimo chake, ndipo nilipojicheka. Ilikuwa sifuri, na regyuleta ilikuwa inaifuata kwa utiifu mkubwa.

Rejea yenyewe ilikuwa ya bendigapu, aina inayojumlisha volteji inayoshuka na joto na nyingine inayopanda. Inachukua volteji kati ya besi na emita za transista, kama 0.65 V, ambayo hushuka karibu 2 mV kwa kila digrii joto likipanda. Kisha inalinganisha transista moja na kundi la nane zinazopewa mkondo uleule. Tofauti ya volteji zao ni kama 54 mV kwenye joto la chumba, nayo hupanda na joto. Ikuze mara kumi na moja hivi, jumlisha, unapata takriban 1.25 V isiyojali sana joto. Paul Brokaw alichapisha saketi yake ya namna hii mwaka 1974, na bado naona ndiyo rahisi kuliko zote kujifunzia.

Tatizo ni kwamba saketi inajilisha yenyewe: mkondo unazaa volteji, volteji inaamuru mkondo. Bila mkondo pia imetulia tuli. Ni kama jenereta ya kuvuta kamba. Iko radhi kunguruma, iko radhi kulala, na haijiwashi.

Kamba yangu ilikuwa kapasita ndogo iliyosukuma mkondo pale umeme unapopanda. Umeme ukipanda kwa 10 µs, inawaka. Kwa 100 ms, kapasita inasukuma kidogo mno, na jenereta ikivutwa polepole unajua inavyokuwa.

Kwa hiyo usiamini peke yake jibu la .op, amri ya ngspice inayotafuta hali ambayo saketi imetulia, maana programu inaweza kukuchagulia ile hali nzuri. Anzisha chanzo kutoka sifuri, kipandishe kwa 10 µs, 1 ms na 100 ms, na kila mara urudie kwenye −40, 27 na 125 °C, kwa transista zilizotoka kiwandani nzito na nyepesi, yaani ss na ff. Punguza na gmin pia, upitishaji mdogo ambao programu huuongeza ili hesabu zifike mwisho. Ile 1e-12 ya kawaida ni kijinjia kidogo cha mkondo ambacho kwenye silikoni hakipo, na kinaweza kukuamshia saketi kwa hisani.

Mimi niliitupa ile kapasita, nikaweka transista inayochungulia rejea: rejea ikiwa chini, transista inavuta kamba, rejea ikipanda, inaachia. Ikaamka kila mara. Lakini kwenye 125 °C rejea ikasoma 1.31 V. Kumbe kamba ilikuwa bado imeshikwa: geti ya ile transista haikushuka vya kutosha, ikaendelea kuvujisha mkondo ndani ya kitanzi. Nikaongeza upana wa transista inayoizima, mara nne ya ilivyokuwa, na 1.25 V ikarudi.