Mwezi wa Pilikapilika: Kufundisha Watoto Saba Nyumbani Bila Kupasuka Kichwa

Wazazi wanaotaka kuanza kufundisha watoto nyumbani huniuliza kwanza swali moja: muda unaupata wapi? Wakisikia kwamba wangu wako saba, kifungua mimba ana miaka kumi na sita na kitinda mimba bado anatambaa, swali linageuka kuwa pole. Mimi huwajibu kwamba muda si tatizo kubwa. Nyumbani hakuna kuita majina, hakuna foleni ya kusahihishiwa daftari, hakuna kungoja darasa zima limalize kunakili ubaoni. Mtoto wa miaka tisa akitulia anamaliza kazi ya vitabu kabla ya saa sita mchana na bado anapanda miti. Kinachokwisha mapema ni mama. Yaani ile akili iliyotulia, ya kumsikiliza mtoto mmoja mpaka amalize sentensi yake kabla mwingine hajaita.

Mwezi wa kawaida unaweza kulificha jambo hili. Mwezi wa pilikapilika haulifichi. Wetu wa mwaka huu ulibeba kila kitu kwa pamoja: mkubwa anafanya mitihani ya kumaliza sekondari akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, faili za maendeleo ya watoto zinatakiwa kwa mkaguzi, baba watoto yuko safarini kikazi, binti yetu wa sita ndiyo kwanza anaunganisha silabi, na tetekuwanga nayo ikabisha hodi. Kama mwezi wa namna hiyo unakunyemelea, haya ndiyo ningekuambia tukiwa tumekaa pamoja.

Kata mapema, na ukate waziwazi. Sisi tulibakiza mambo matatu: hesabu, kusoma na kusomewa. Sayansi, historia, sarufi, ramani na muziki vilisimamishwa. Sababu ya kubakiza hesabu na kusoma si kwamba ni masomo matukufu kuliko mengine. Ni kwamba habari za Mapinduzi ya Ufaransa hazichachi zikikaa kabatini wiki nne, lakini jedwali la kuzidisha la saba la mtoto ambaye hajalishika sawasawa linachacha. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alichapisha matokeo yake mwaka 1885: sehemu kubwa ya tunachosahau tunakisahau mapema sana baada ya kujifunza, na kurudia kidogo kidogo kwa siku kadhaa kunashikisha kuliko kujilundikia kwa kikao kimoja. Kwa nyumba yenye pilikapilika hiyo ni habari njema. Dakika 15 za hesabu kila siku, hata mezani palipojaa vyombo, zina faida kuliko saa mbili za kulipiza Jumamosi.

Nimesema waziwazi kwa makusudi. Andika kwenye karatasi masomo yaliyosimamishwa, ibandike ukutani, uwaambie watoto. Somo ambalo halijafutwa kwenye ratiba hubaki linakudai. Kila ukipita unaliona, na jioni unalala na deni. Likishahamia kwenye karatasi ya yaliyosimamishwa, halimdai mtu.

Sasa nije kwenye penyewe. Ratiba nyingi za elimu ya nyumbani hupangwa kwa masomo: saa mbili hesabu, saa tatu lugha. Kwa mtoto mmoja au wawili inafanya kazi. Kwa saba, saa mbili ikigonga una watu watano wenye hesabu za ngazi tano na wote wamekwama, wote wanasema "mama". Mimi napanga kwa kumtazama nani anamhitaji mama. Kazi zote za masomo za watoto wetu zimo katika mafungu matatu: kazi ya kukaa na mama bega kwa bega, kazi ya kufanywa karibu na mama, na kazi ambayo mtoto anaifanya hata mama akiwa bafuni. Kanuni ni moja tu: watoto wawili wasiwe kwenye fungu la kwanza kwa wakati mmoja.

Nikuonyeshe kwa nini. Binti wa sita anasoma. Kidole kiko chini ya neno, midomo inajaribu sauti kabla ya kuitoa. Amepita "mama" kwa fahari. Mstari unaofuata una "mamba". Anasema "ma", anasimama, anatazama ile m na b zilizoshikana, anavuta pumzi, na unaona kabisa kwamba mdomo umeshafungwa tayari kuitoa "mba". Hapo ndipo kaka yake anatokea na daftari: "Mama, hii ya sehemu yenye asili tofauti naanzaje?" Unageuza shingo kwa nukta chache tu. Ukirudi, kidole kimeondoka kwenye neno, na msomaji anakuambia amechoka. Hajachoka. Kamba imekatika, na kuiunga tena itakula muda kuliko somo lenyewe.

Dawa yetu ni kona ya meza. Mwenye swali anaweka daftari lake pale, likiwa wazi, penseli juu ya swali lililomshinda, kisha anaruka kwenda swali linalofuata. Haongei, hagusi bega la mama, hasimami kandokando akipumua kwa nguvu. (Hili la mwisho tulilazimika kulitungia sheria yake.) Nikimaliza na msomaji napitia madaftari yote. Mengi nakuta mwenyewe ameshayachukua kimyakimya, maana swali lilijijibu alipolazimika kulitazama mara ya pili. Wanaoruhusiwa kukatiza ni wenye habari za damu, moto, au mtoto mdogo anayeelekea kwenye ngazi.

Somo la bega kwa bega liwe fupi. Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza aliyeishi kati ya mwaka 1842 na 1923, alishikilia kwamba somo la mtoto mdogo lisizidi dakika 20 au hapo, ili mtoto azoee kutoa akili yake yote kwa muda huo. Kwa Kiswahili tuna bahati zaidi: maneno yanasomwa kama yalivyoandikwa, kwa hiyo mtoto anayeshika silabi chache kila siku anafika. Dakika kumi za binti huyu, bila kukatizwa, zilitosha. Usingizi wa asubuhi wa kitinda mimba ndio saa yake. Usiufulie nguo usingizi huo. Nguo zinaweza kufuliwa mtoto akiwa macho. Kusoma "mamba" hakuwezekani.

Wakubwa kuwafundisha wadogo? Ndiyo, lakini kwa mipaka. Joseph Lancaster, aliyefungua shule yake London mwaka 1798, aliendesha wanafunzi mamia kwa mwalimu mmoja kwa kuwafanya wanafunzi waliotangulia wawafundishe wenzao. Alikuwa amezidiwa na idadi, kama sisi. Nyumbani kwetu mtoto wa tatu humsikiliza wa tano jedwali la kuzidisha, na wote wawili wanafaidika, maana huyo mkubwa naye la nane lilikuwa linamteleza. Nisichoruhusu ni mtoto kuadhibu mtoto, kusahihisha insha, au kubeba somo zima la mwenzake. Zipo familia kubwa ambazo binti wa kwanza amegeuzwa mama mdogo, anapika, analea, anafundisha, kisha watu wanamsifia kwa ukomavu. Mimi simsifii mtu hapo. Naye ana masomo yake.

Ndiyo maana mkubwa wetu alitolewa kwenye zamu zote mwezi ule: vyombo, kulea, kusikiliza wenzake, kila kitu. Wadogo walilalamika, tukawaambia zamu yao ya kupumzishwa itafika. Mtoto aliyesomea nyumbani mara nyingi anajua vitu, ila hajazoea chumba chenye kimya, saa ukutani na mtu asiyemjua akitembea kati ya meza. Tulimfanyisha mitihani ya miaka iliyopita kwa saa ileile ambayo mtihani wenyewe ungeanza, kwa muda kamili, kwa kalamu na si penseli, bila kuruhusiwa kuuliza chochote. Mara za mwanzo alikuwa akiinua kichwa kunitafuta. Kazi ya kukariri aliifanya alfajiri, nyumba ikiwa bado imelala. Mchana katika nyumba ya watu tisa kimya ni hadithi. Na jambo la usajili: mtahiniwa wa kujitegemea hana mwalimu mkuu wa kumkumbusha tarehe. Tarehe hizo ziandike mwanzo wa mwaka, pamoja na kituo cha mtihani na vitambulisho vinavyotakiwa.

Tetekuwanga inahitaji kalenda pia. Ugonjwa huu hukaa mwilini siku 10 hadi 21 kabla haujajionyesha, na mgonjwa anaanza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya vipele kutoka, mpaka vyote vikauke na kufanya magamba. Maana yake, siku unapoona kipele cha kwanza kwa mmoja, wenzake wameshavuta hewa yake. Kuwatenga vyumbani kumechelewa. Ila unaweza kuhesabu: kama wa tatu ametoka vipele leo, wanaofuata watajionyesha wiki mbili hivi zijazo. Sisi tulizungushia duara siku hizo kwenye kalenda, na wiki tulivu ya katikati tukaitumia kwa kazi nzito. Mkubwa alishaugua akiwa mdogo, kwa hiyo mtihani haukuwa hatarini. Kama wako hajaugua wala hajachanjwa, zungumza na daktari mapema, usisubiri wiki ya mtihani. Wajulishe wageni, hasa wajawazito, na mwenye mtoto mchanga asikae bila kuuliza ushauri. Usimpe mtoto mwenye tetekuwanga aspirini. Wakate kucha fupi. Na mwenye homa asifundishwe kitu. Anayejikuna tu anaweza kusikiliza kitabu.

Kusomewa ndiko kulikotubeba, kusema kweli. Kitabu kimoja kwa wote, baada ya chakula cha mchana, wagonjwa wamelala kwenye magodoro sebuleni, wazima wamekaa wanapoweza, kitinda mimba anatafuna pembe ya jalada. Msomaji si lazima awe mama. Wa pili husoma vizuri kuliko mimi na hafanyi haraka. Tukifunga kitabu mmoja anasimulia upya alichosikia kwa maneno yake, wengine wanamkosoa. Kusimulia huku nako alikupenda sana huyo Mason, na sababu iko wazi ukikujaribu: mtoto hawezi kusimulia alichokuwa hakisikilizi. Wa miaka sita atakupa farasi na mvua, wa miaka kumi na mbili atakuambia kwa nini mfanyabiashara alidanganya. Kitabu ni kilekile, na hujaandaa masomo saba.

Halafu faili. Sheria zinatofautiana mno, kwa hiyo jua za kwako kabla hujaanza. Ujerumani inawalazimu watoto kwenda shule, na elimu ya nyumbani badala ya shule hairuhusiwi isipokuwa kwa nadra. Marekani inaruhusiwa katika majimbo yote 50, ila New York hutaka ripoti kila robo mwaka ilhali majimbo mengine hayadai hata taarifa. Popote panapotakiwa ushahidi wa kazi, usiukusanye mwezi unaotakiwa. Tuna boksi moja kwa kila mtoto, na kila Ijumaa anachagua mwenyewe ukurasa mmoja wa wiki hiyo, anauandikia tarehe, anautumbukiza. Kwa mtazamo wangu mkaguzi hatafuti ukurasa mzuri. Anatafuta mwendo. Insha mbaya ya mwanzo wa mwaka, yenye makosa yake yote, ikiwekwa karibu na ya juzi, inaeleza kuliko barua yoyote utakayoandika. Kwa hiyo usiitupe ile mbaya. Masimulizi ya mdomo nayo yaandike mistari miwili au mitatu kama yalivyotoka. Ni ushahidi, hasa wa mtoto ambaye bado haandiki.

Kuhusu usafi sina mengi. Vyombo, choo na sakafu anapotambaa mtoto. Vingine vilisubiri.

Watakuja pia ndugu watakaokuta watoto wamelala sebuleni saa nane mchana na kuuliza kama kweli hawa wanasoma. Usianze kutoa hotuba. Mkaribishe akae, mwombe asome kurasa mbili. Shemeji mmoja alianza hivyo na hakuondoka mpaka sura ikaisha.

Mwezi ukipita, usirudishe kila kitu Jumatatu moja. Nenda kwenye ile karatasi ya ukutani, ushushe somo moja kwa wiki, ukianza na lile ambalo watoto wamelidai wenyewe. Kwetu ramani zilirudi kwanza, maana wa nne alikuwa ameshaanza kuchora mito nyuma ya daftari la hesabu. Sayansi ikafuata, kisha historia. Sarufi bado iko ukutani, hakuna aliyeiulizia, nami nimeipangia Jumatano ijayo, baada ya kitinda mimba kulala.