Siku Moja ya Kuzuru Makanisa ya Kale ya Armenia

SWALI: Mhariri, sisi ni wanafunzi wa historia hapa Dar es Salaam. Tumealikwa kwenye semina mjini Yerevan, Armenia, na baada ya semina tutabakiwa na siku moja ambayo tungependa kuitumia kuzuru makanisa na monasteri za kale. Baadhi yetu wanataka Geghard, wengine Khor Virap, na wengine wanasema twende kote. Je, inawezekana? Aidha, miongoni mwetu wamo Waislamu. Je, wataruhusiwa kuingia?
Msomaji, Ubungo

JIBU: Ndugu msomaji, kwenda kote kunawezekana, lakini sishauri. Geghard, pamoja na vyumba vyake vya ibada vilivyochongwa ndani ya mwamba katika karne ya 13, iko mashariki ya Yerevan, ilhali Khor Virap iko kusini na mji wa Vagharshapat uko magharibi. Mkijaribu yote, sehemu kubwa ya siku itaishia ndani ya basi. Kwa wanafunzi wa historia, ningechagua Khor Virap na Vagharshapat, kwa sababu maeneo hayo mawili yanasimulia kisa kimoja kwa mfululizo.

Anzeni Khor Virap asubuhi, mwendo wa kilomita 40 hivi, kama kutoka Dar hadi Kibaha. Kwa mujibu wa mapokeo, hapo ndipo Mfalme Tiridates wa Tatu alipomfunga Gregori Mletamwanga ndani ya shimo kwa takriban miaka 13, kabla ya Gregori kutolewa, kumponya mfalme na kumbatiza. Na kutokana na hayo Armenia huhesabiwa kuwa nchi ya kwanza kuufanya Ukristo dini ya taifa, mwaka 301. Shimo lenyewe bado lipo, chini ya kanisa dogo, lenye kina cha mita 6 hivi. Mtashuka kwa ngazi ya chuma iliyosimama karibu wima, mmoja mmoja, mkishika vyuma kwa mikono miwili, hivyo mabegi yaachwe juu, na mwenye kizunguzungu asishuke. Mkitoka nje mtauona mlima Ararat, ulioko ng'ambo ya mpaka, nchini Uturuki.

Vagharshapat ndiko liliko Kanisa Kuu la Etchmiadzin, makao ya Katolikosi, mkuu wa Kanisa la Armenia. Nawasihi msilikimbilie kabla ya kuingia kanisa la Hripsime, lililojengwa mwaka 618 kwa kumkumbuka bikira aliyeuawa kwa amri ya Tiridates huyohuyo kabla hajaongoka. Jengo hilo ni la mawe matupu, halina mapambo mengi, na kwa maoni yangu ndilo zuri kuliko yote katika mji huo. Wale waliotamani Geghard nao hawatakosa kitu: mkuki uliotunzwa huko kwa karne nyingi, ambao mapokeo husema ndio uliomchoma Kristo ubavuni, sasa umehifadhiwa Etchmiadzin.

Mkirudi, piteni Zvartnots, magofu ya kanisa la karne ya 7 lililoporomoka katika karne ya 10. Maeneo haya ya Vagharshapat, pamoja na Zvartnots, yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000.

Kuhusu wenzenu Waislamu, wageni wa dini zote hukaribishwa. Si lazima mtu awashe mshumaa wala afanye ishara ya msalaba. Inatosha kuvaa nguo za heshima na kunyamaza wakati wa ibada. Wanawake wengi wa huko hujitanda kichwa wanapoingia kanisani, kwa hiyo dada wenye hijabu hawatahitaji kubadili chochote. Mtawaona pia waumini wakitoka kinyumenyume ili wasiipe altare mgongo. Basi msisimame mlangoni kupiga picha, mkawazibia njia.